Mzee alijenga na mshahara mdogo, wewe renti inakushinda: vile ya kufanya hio hesabu pamoja bila kugombana

Kama uko Nakuru na kazi ya mshahara na bado ikifika tarehe kumi na tano mfuko umekauka, hii ni yako. Na zaidi kama uko na mzazi ambaye kila ukienda nyumbani anakuuliza pesa zako huwa zinaenda wapi, juu yeye na mshahara wake alisomesha watoto watano akanunua ploti Kiamunyi akajenga, na wewe uko peke yako kwa bedsita Free Area na hujanunua hata mbuzi. Hayo maneno yanauma, kuna watu wameacha kwenda nyumbani Krismasi juu ya hayo maneno tu. Na mara nyingi mzee hadanganyi, wewe nawe hupotezi pesa, ni vile hamjawahi kaa chini mkaweka namba zake na zako kwa karatasi moja. Nitaeleza vile inafanywa kutoka mwanzo, halafu vile utatumia hio karatasi kwa mwajiri na kwa mipango ya nyumbani.

Tafuta daftari ya mraba, kalamu, na peislipu yako ya mwezi uliopita. Halafu karatasi yoyote ya zamani yenye mzee ameweka: peislipu zake, barua ya kuajiriwa, kitabu ya sacco, risiti za shule. Wazee wetu hawatupi karatasi, iko mahali kwa sanduku. Kama zote zilipotea, enda maktaba ya umma hapa Nakuru uliza magazeti ya zamani, kurasa za matangazo ya duka ziko na bei.

Sasa mwaka. Hapa ndio watu wengi wanaharibu. Usichukue mshahara wa mzee wa mwisho akienda kustaafu ukalinganisha na wako wa mwaka wa tatu kazini, na yeye pia asichukue ule mwaka mzuri peke yake. Chukua mwaka mzee alikuwa na umri wako. Kama uko na 29 sai na yeye alizaliwa 1965, basi ni 1994. Andika juu ya karatasi upande wa kushoto "Baba, miaka 29, 1994" na upande wa kulia wewe na mwaka huu. Kama ni mama ndio alikuwa na mshahara, ni mama.

Na usianze na mzee peke yake, hata kama ndio alikuwa anafanya kazi. Wazee wanakumbuka mshahara, lakini bei inakumbukwa na mama. Yeye ndio alikuwa anaenda sokoni na hio pesa, atakuambia gorogoro ya mahindi ilikuwa pesa ngapi, mafuta ya kupima ilikuwa ngapi, na mwezi gani walilala na chai. Mzee akisema "unga ilikuwa bei rahisi sana" mama atamkatiza hapo hapo amwambie ni mwaka gani huo anaongelea. Kaa na wote wawili.

Mshahara wa mkononi

Andika ile pesa inaingia mkononi, usiandike ile ya juu ya peislipu. Hii ni muhimu sana kwa upande wako juu makato yamebadilika haraka miaka hii michache na wengi hawajakaa chini kuangalia.

Chukua mtu wa 30,000. Mwaka wa 2022 alikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya) 900, na PAYE (kodi ya mshahara) kama 1,315 hivi, akabaki na 27,585. Kuanzia Februari 2023 NSSF ikaanza kuhesabiwa asilimia 6, ikakuja ada ya nyumba asilimia 1.5, na Oktoba 2024 NHIF ikaondoka SHIF, bima mpya ya afya, ikaingia na asilimia 2.75. Kufika 2025 huyo huyo na 30,000 yake ile ile alikuwa anakatwa NSSF 1,800, SHIF 825, nyumba 450, na PAYE 731 na senti. Anabaki na kama 26,194. Mshahara haujaguswa na mtu, hakuna mahali ameandikiwa barua ya kupunguziwa, na mkononi imepungua karibu 1,400 kila mwezi. Hio ni kabla hata hajaingia duka.

Niseme kitu moja kwa haki: hio 1,800 ya NSSF ni akiba yako na mwajiri anaongeza ingine kama hio juu yake, kwa hivyo haijapotea. Lakini hauwezi nunua unga nayo mwezi huu. Iandike kando, na uhakikishe inafikishwa NSSF kweli, juu kukatwa kwa peislipu ni kitu moja na kufikishwa ni kitu ingine.

Ukimaliza, hesabu masaa pia. Mzee alifanya kazi siku ngapi kwa wiki? Wewe je, na ile ya Jumapili hulipwi? Andika.

Badilisha pesa iwe vitu

Shilingi ya 1994 na ya leo haziongei lugha moja, kwa hivyo toa shilingi kabisa. Gawanya mshahara wa mkononi na bei ya kitu, upate ni vitu vingapi. Mshahara wa baba gawa na bei ya unga ya kilo 2 ya mwaka wake, wako gawa na bei ya leo. Fanya hivyo kwa vitu kama saba ama nane ambavyo nyinyi wawili mlinunua kweli: unga, mafuta ya kupika, sukari, renti ya chumba kimoja, nauli ya kwenda na kurudi kazini mwezi mzima, karo ya mtoto mmoja wa sekondari muhula mmoja, ng'ombe wa maziwa, na ploti ya futi hamsini kwa mia mahali mnajua. Usiweke nyama ya mbuzi juu unataka tu kushinda.

Chunga bei ya unga, inadanganya. Mei 2017 serikali iliweka ruzuku kilo 2 ikauzwa 90, na mshahara wa chini unaowekwa na serikali, wa kibarua wa kawaida kwa majiji makubwa, ulikuwa 12,926.55, ukigawa unapata pakiti 143. 2022 mshahara wa chini ukaenda 15,201.65 lakini unga ikapita 200 kabla ruzuku ya Julai kuishusha hadi 100, kwa hivyo ukigawa na 200 ni pakiti 76, na ukigawa na 100 ni 152. Mwaka ni huo huo, majibu ni mawili tofauti kabisa. Na hata hio ya 100 ilikuwa unapanga foleni na duka nyingi haikuwa. Kwa hivyo usichukue bei ya wiki moja, uliza bei ya kawaida ya mwaka, ile mama alikuwa anategemea kupata.

Kwa familia nyingi za hapa utapata kitu kama hiki: kwa unga na sukari tofauti si kubwa vile ulidhani, kwa nguo na simu wewe uko mbele, mzee kununua kabati ya nguo ama redio ilikuwa shughuli ya mwaka mzima. Lakini fika kwa ploti. Hapo ndio karatasi inanyamazisha nyumba. Mzee atapata alinunua na mshahara wa miezi kadhaa, ama mwaka na kitu na mkopo wa sacco, na wewe ploti hio hio ni mshahara wa miaka na hujala hujalipa renti. Ardhi ya Kiamunyi, Lanet, Pipeline, hata kuelekea Njoro, haikupanda na mshahara wa mtu yeyote.

Ile mshahara haikuandikwa

Sehemu hii ndio naomba usiruke, hata kama utaruka zingine zote. Uliza mzee: ulilipa renti? Ulilipa hospitali? Chakula ilitoka wapi?

Nakuru ni mji wa reli, reli ilifika hapa 1900, na kwa miaka mingi mtu wa reli alikuwa na nyumba ya reli. Mtu wa munisipali alikuwa na bahati ya kupata nyumba ya munisipali kule Flamingo ama Kivumbini kwa kodi ndogo. Mashambani, mfanyakazi alikaa kwa laini ya shamba na akapewa mahali pa kulima mboga. Hospitali ya serikali haukuwa unalipa hadi kuchangia gharama kulipoanza Desemba 1989. Chuo kikuu kuchangia kulianza 1991. Na mahindi ya mwaka ilitoka kwa shamba ya babu, gunia mbili tatu juu ya basi, mama akapeleka kwa posho, unga ya duka ilikuwa ya dharura. Vitu hivi vyote vilikuwa mshahara, ni vile havikupita kwa peislipu.

Sasa weka bei ya mwaka wake kwa kila kimoja na uongeze kwa mshahara wa baba kabla ya kugawa. Kama alipewa nyumba ya kazi, uliza nyumba kama hio ilikuwa renti ngapi mwaka huo mahali hapo hapo, ongeza hio renti. Kama gunia mbili zilitoka nyumbani, ongeza bei ya gunia mbili ya mwaka huo gawa kwa miezi 12. Halafu weka kazi ya mama pia, maziwa aliyouza, sukuma ya nyuma ya nyumba, kushona, juu ile "mshahara wa mzee ulisomesha watoto watano" mara nyingi ni mshahara wa mzee pamoja na ng'ombe wa mama, na hakuna mtu huandika ng'ombe wa mama. Nimeona sura za wamama zikibadilika hapa, mtu anasikia kwa mara ya kwanza kazi yake ikiwekwa namba.

Na hizo kazi zenyewe ziliisha. Kiwanda cha betri cha Nakuru kilifungwa 2014. Pareto, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, ambayo Kenya ilikuwa inaongoza dunia nzima na kiwanda kikiwa hapa mjini, ilianguka. Kama wazazi wako walitoka magharibi labda ni kiwanda ya karatasi ya Webuye iliyosimama 2009, ama ya sukari ya Mumias iliyoingia mikononi mwa meneja aliyewekwa na benki juu ya madeni 2019. Hio aina ya kazi ilikuwa na chama cha wafanyakazi, nyumba na pensheni, na mtoto wa huyo mfanyakazi leo amepata kazi ya kandarasi ya miezi mitatu mitatu. Mwambie mzee hivyo bila hasira. Si kwamba wewe ni mvivu, mlango alioingilia yeye ulifungwa.

Lakini upande wake pia uandikwe

Usiende pale kuonyesha mzee alikula raha. Mwaka wa 1993 bei zilipanda Kenya kwa wastani wa asilimia 46 hivi, mwaka mmoja tu. Muulize alipita aje hapo. Muulize kuhusu unga ya njano ya ukame wa 1984. Karo ya shule ya msingi ililipwa hadi Januari 2003, kwa hivyo watoto watano wa darasa la kwanza hadi la nane walikuwa ni pesa ya kweli, wewe wako angalau hapo serikali inashika sehemu. Na wengi walifutwa miaka ya tisini serikali na mashirika yakipunguza watu, mtu akapewa pesa kidogo akaambiwa aende nyumbani na bado ana watoto sekondari. Mzee kama alipitia hio huenda hajawahi kukuambia. Andika kwa karatasi, upande wake.

Vile ya kuanza maneno

Usianze siku umekataa kutuma pesa, na usianze mbele ya wajomba. Nenda siku ya kawaida, mkishakula, na uanze kwa kuomba. Kitu kama: "Baba, kuna hesabu inanisumbua nataka unisaidie. Ukiwa na miaka 29 walikuwa wanakulipa aje pale kazini, na hio pesa ulikuwa unaigawa aje?" Halafu nyamaza. Mwache aongee, hata kama inaenda lisaa na imepitia stori ya bosi wake wa kwanza, juu ndani ya hizo stori ndio bei zimejificha. Akiuliza "na wewe pesa zako?" usijitetee, toa peislipu umpe asome mwenyewe. Wazee wengi hawajawahi kuona peislipu ya siku hizi, akiona hio mistari yote ya makato atakuuliza maswali na hapo mnakuwa watu wawili mnaangalia shida moja.

Kama mzee ni mkali na hawezi kaa hivyo, anza na mama, ama na shangazi aliyekuwa kazini miaka hio hio. Msilazimishe.

Peleka kwa mwajiri

Namba ya kubeba ni hii. KNBS, shirika la serikali la takwimu, wanahesabu bei za vitu kila mwezi na wameweka Februari 2019 iwe 100. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 140, yaani kitu cha 100 kimekuwa cha 140. Sasa mshahara wa chini wa kibarua kwa majiji makubwa Februari 2019 ulikuwa 13,572.90, na baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 ukawa 16,113.75. Hio ni asilimia 19 hivi. Ili tu kusimama mahali ulikuwa, ungepaswa kuwa kama 19,000. Na hao ni watu wa majiji, kibarua wa shamba, wale wanakata maua Naivasha, amri ya serikali ya mshahara wao ya 2024 haikufika hata 8,000 kwa mwezi kwa asiye na ujuzi. Mimi siwezi kusoma hio namba nikatulia.

Chukua mshahara wako ulipoajiriwa, tafuta namba ya KNBS ya mwezi huo na ya mwezi uliopita, gawa ya sasa na ya zamani, zidisha na mshahara wa kwanza. Hio ndio ingekuwa pesa yako kama hakuna kitu kimepungua. Andika barua fupi: "Niliajiriwa Machi 2021 kwa mshahara wa msingi wa 25,000. Tangu wakati huo bei zimepanda kwa kiasi hiki kulingana na KNBS, na majukumu yangu yameongezeka kwa mambo haya. Naomba tukae tuzungumzie mshahara wa kiasi hiki kuanzia mwezi fulani." Weka majukumu yaliyoongezeka, usiweke shida za nyumbani, bosi halipii shida za nyumbani. Na ipeleke kabla bajeti ya mwaka haijapangwa, ukienda ikishapitishwa utaambiwa ungoje.

Kabla ya hio barua angalia kama hata sheria imefuatwa. Mshahara wa chini ni wa msingi tu, house alawansi ya asilimia 15 inakuja juu yake, kwa hivyo wa 16,113.75 anafaa kufika 18,530 na kitu kabla ya makato, isipokuwa amepewa nyumba. Angalia amri ya serikali ya mshahara wa chini inaweka kazi yako na mahali pako kwa safu gani. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote pamoja na mikopo yasipite theluthi mbili ya mshahara wako. Na kama wewe ni kibarua wa kila siku na umefanya mfululizo siku zinazofika mwezi, kifungu cha 37 kinakuhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi, na haki zake. Weka rekodi ya siku zako, hata picha ya daftari ya geti. Ofisi ya leba ya kaunti inapokea malalamiko bila wakili, lakini usikae sana, madai ya kazi mengi yana mwisho wa miaka 3.

Na nyumbani

Karatasi ikiisha, mgeuze upande wa pili mwandike yale mtafanya. Pesa ya nyumbani iwe kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana, badala ya simu ya ghafla kila wiki inayokupeleka kwa mkopo wa simu, juu hio mikopo na riba yake inakula mshahara pole pole. Dharura ya hospitali iwe na mfuko wake, ndugu wote wachangie hata mia mbili mbili, na mtu mmoja ashike hesabu. Kama kuna shamba nyumbani, uliza kama ukinunua mbolea wewe unaweza pata gunia wakati wa kuvuna, hapo umerudisha kile kipande cha mshahara mzee alikuwa nacho na wewe huna. Na kuhusu ploti, mwambie mzee wazi utaanza na hisa za sacco na lini, ili asitangaze kijijini kwamba mwaka ujao unajenga.

Piga picha ya pande zote mbili utumie ndugu zako. Rudieni Januari, karo ikishajulikana, juu namba za upande wako zitakuwa zimesonga.